Sifuri ya Mwaka na Sifuri ya Januari: Ukarabati wa Kina wa Makazi ya Kupanga Kufikia Matumizi ya Nishati Yanayokaribia Sifuri nchini Uholanzi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna nyumba za makazi zilizojengwa barani Ulaya katika miongo iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia zinavyokarabatiwa ili matumizi yake ya nishati yakaribie sifuri. Mfano mkuu ni nyumba za kupanga za safu nchini Uholanzi. Hoja inayojengwa ni kwamba upande wa kifizikia wa kazi hii umekwisha kueleweka kwa kiasi kikubwa. Mgogoro uliobaki unahusu hesabu: sifuri inapimwa kwa muda gani, na ni nani anayebeba tofauti pale sifuri ya kwenye karatasi isipolingana na ile ya kwenye bili.

1.0 Utangulizi

Msomaji aliyekulia katika pwani ya Afrika Mashariki huenda akaona ajabu kwamba kaya inaweza kutumia nishati nyingi kwa ajili ya kupasha hewa ya ndani kuliko kwa kupikia, kuwasha taa na kuendesha vyombo vyote vya umeme vikijumlishwa. Hata hivyo, hiyo ndiyo hali ya kawaida katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako zaidi ya nusu ya nishati yote inayotumika majumbani huenda katika kupasha vyumba joto. Nyumba inayovujisha joto ni sawa na mtungi wenye ufa: hujazwa kila siku na kila siku hupungua, na anayeujaza ndiye anayelipa.

Majengo kwa jumla hutumia takriban asilimia 40 ya nishati ya Umoja wa Ulaya. Kwa mujibu wa mkakati wa ukarabati uliotolewa na Tume ya Ulaya mnamo Oktoba 2020, asilimia 85 ya majengo yaliyopo yalijengwa kabla ya mwaka 2001, na kati ya asilimia 85 na 95 ya majengo yaliyosimama leo yatakuwa bado yamesimama mwaka 2050. Maana yake ni kwamba kanuni kali za ujenzi mpya, hata zikitekelezwa kikamilifu, hazigusi sehemu kubwa ya tatizo. Mkakati huohuo unaeleza kwamba ukarabati unaopunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 60 au zaidi hufanyika katika asilimia 0.2 tu ya majengo kwa mwaka. Kwa mwendo huo, kazi ingehitaji miaka 500.

Istilahi inahitaji kuwekwa wazi mapema. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, kukarabati nyumba ni kuirudisha katika hali yake: kupaka rangi, kubadilisha mabati, kuziba mabomba. Ukarabati unaozungumziwa hapa hauirudishi nyumba ilikokuwa, bali unaipa uwezo ambao haikuwahi kuwa nao. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia istilahi ukarabati wa kina, na istilahi ganda la jengo kwa maana ya kuta za nje, paa, sakafu, madirisha na milango kwa pamoja, yaani kila kinachotenganisha hewa ya ndani na ya nje.

2.0 Maana ya "kukaribia sifuri"

Dhana hii ilipata nguvu ya kisheria kupitia Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2010/31/EU la tarehe 19 Mei 2010. Kwa mujibu wa agizo hilo, jengo la aina hii ni lile lenye ufanisi wa juu sana wa nishati, na ambalo kiasi kidogo cha nishati kinachobaki kuhitajika kinatoka kwa sehemu kubwa katika vyanzo jadidifu vilivyopo palepale au karibu. Majengo mapya ya mamlaka za umma yalitakiwa kufikia kiwango hicho baada ya tarehe 31 Desemba 2018, na majengo mengine yote mapya kufikia tarehe 31 Desemba 2020.

Fasili hii ina mambo matatu ambayo mara nyingi hupitwa haraka. Kwanza, haina namba. Kila nchi mwanachama iliachiwa kuamua "karibu" ni umbali gani. Pili, inahesabu nishati tangu kwenye chanzo chake, pamoja na upotevu wa kuizalisha na kuisafirisha, si nishati inayosomwa kwenye mita. Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi kwa mkaaji, hesabu yake kwa nyumba za makazi inahusu hasa kupasha joto, kupoza, kubadilisha hewa na maji ya moto. Jokofu, televisheni na mashine ya kufulia haviingii. Nyumba inaweza basi kuwa "karibu sifuri" kisheria huku mkaaji wake akiendelea kupokea bili kila mwezi, na hakuna upande unaosema uongo.

Agizo jipya namba 2024/1275 la tarehe 24 Aprili 2024 limesogeza lengo hadi majengo yasiyotoa hewa ukaa palepale yalipo. Kwa nyumba za makazi zilizopo, linazitaka nchi zishushe wastani wa matumizi ya nishati ya chanzo kwa asilimia 16 kufikia 2030, na kwa asilimia 20 hadi 22 kufikia 2035, zikilinganishwa na 2020. Angalau asilimia 55 ya punguzo hilo lazima itokane na asilimia 43 ya majengo yaliyo mabaya zaidi. Ikumbukwe kwamba pendekezo la awali la Tume, la mwaka 2021, lilitaka kila nyumba ya makazi, moja moja, ifikie daraja maalumu la ufanisi. Kilichopitishwa ni wastani wa taifa. Mabadiliko hayo yaliiondoa hofu ya wenye nyumba, lakini yaliondoa pia uwezekano wa mpangaji wa nyumba fulani kudai kwamba nyumba yake yeye ndiyo inayopaswa kukarabatiwa.

3.0 Ganda la jengo

Uwezo wa ukuta kupitisha joto hupimwa kwa wati zinazopita katika mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la ndani na la nje. Ukuta wa matofali wa miaka ya 1950 au 1960 usio na kihami-joto huweza kuwa na kipimo cha 1.6 hivi. Tuchukue majira ya baridi ambayo tofauti za joto, zikijumlishwa siku kwa siku, zinafikia nyuzi-siku 2,800, kiwango kisicho mbali na hali ya Uholanzi. Hizo ni nyuzi-saa 67,200. Kila mita ya mraba ya ukuta huo itapoteza takriban kilowati-saa 107 kwa mwaka. Kilowati-saa hapa ni kipimo kilekile ambacho mtumiaji wa Luku hukiita uniti.

Ukuta huo ukivishwa kihami-joto cha pamba ya madini chenye unene wa sentimita 5, kipimo chake hushuka hadi 0.49 hivi, na upotevu hadi kilowati-saa 33. Unene ukiongezwa hadi sentimita 20, kipimo hufika 0.16 na upotevu kilowati-saa 11. Ni dhahiri kwamba sentimita 5 za mwanzo zimeokoa kilowati-saa 74 na sentimita 15 zilizofuata zimeongeza 22 tu. Kwa mtazamo wa haraka, mwenye akili angesimama kwenye sentimita 5.

Mtazamo huo una kasoro. Gharama kubwa ya kuvisha ukuta haiko katika pamba yenyewe bali katika majukwaa ya ujenzi, vibarua, kuhamisha mabomba ya mvua, kurefusha vizingiti vya madirisha na ukingo wa paa. Gharama hizo hulipwa mara moja, na ni zilezile kwa sentimita 5 na kwa 20. Aliyesimama kwenye sentimita 5 atalazimika kuzilipa zote tena ili kuzifuata kilowati-saa 22 zilizobaki, jambo ambalo halitamlipa mpaka sura ya nje ya jengo itakapochakaa baada ya miongo kadhaa. Hivyo, ukarabati wa nusunusu hauchelewi tu kulifikia lengo. Huufunga mlango kwa kizazi kizima. Hii ndiyo sababu kuu ya watafiti wengi kuutetea ukarabati wa kina hata pale hesabu ya sentimita ya mwisho inapoonekana dhaifu.

Kigezo kinachotumiwa sana kwa majengo ya zamani ni EnerPHit, kilichoandaliwa na Passivhaus Institut ya Darmstadt, Ujerumani, mji ambamo nyumba za kwanza za aina ya Passivhaus zilijengwa mwaka 1991 chini ya uongozi wa Wolfgang Feist. Jengo jipya la Passivhaus halitakiwi kuhitaji zaidi ya kilowati-saa 15 za kupasha joto kwa mita ya mraba kwa mwaka. EnerPHit hulegeza hadi 25 kwa tabianchi ya baridi ya wastani, kwa kukiri kwamba jengo la zamani lina mambo yasiyorekebishika: msingi uliokaa moja kwa moja juu ya udongo, au sakafu ya zege iliyotoka nje ya ukuta kutengeneza roshani. Zege hiyo ni daraja la joto. Hulitoa joto nje hata ukuta wote uliobaki ukivikwa vizuri.

4.0 Hewa, unyevu na moto

Baada ya ukuta kuvikwa, hewa ndiyo inayobaki kuwa mwizi mkubwa. Nyumba yenye ujazo wa mita 300 za ujazo ambayo hewa yake yote hubadilika mara moja kwa saa kupitia nyufa hupoteza, kwa majira yaleyale ya baridi, karibu kilowati-saa 6,850. Nyufa zikizibwa hadi sehemu moja ya kumi, na hewa safi ikaingizwa kwa mashine inayopitisha joto la hewa chafu inayotoka kwenda kwa hewa safi inayoingia, bila hewa hizo mbili kuchanganyika, upotevu huweza kushuka chini ya kilowati-saa 1,400. Hesabu hii inachukulia kwamba mashine inaingiza mita 150 za ujazo kwa saa na kuokoa asilimia 80 ya joto.

Kuziba bila kuweka mashine ya hewa ni kosa ambalo wakaaji hulilipa kwa afya zao. Watu hupumua, hupika, huoga na kuanika nguo. Unyevu wote huo hapo awali ulitoka kupitia nyufa. Hewa ya ndani ikiwa na nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 50, kuvu huanza kupata mahali pa kuota pale sehemu yoyote ya ukuta inaposhuka chini ya nyuzi joto 12.6, kwa kuwa hapo unyevu unaougusa ukuta hufikia asilimia 80. Pembe za chumba, nyuma ya kabati, na pale roshani inapokutana na ukuta ndiko kunakoshuka kwanza. Mara nyingi mkaaji hulaumiwa kwamba hafungui madirisha, ilhali tatizo liko kwenye daraja la joto ambalo mchoraji hakulishughulikia.

Suala la moto halipaswi kuachwa kana kwamba ni la fani nyingine. Grenfell Tower ya London, jengo la makazi lenye ghorofa 24 lililokamilika mwaka 1974, lilivikwa ganda jipya katika ukarabati uliomalizika mwaka 2016, na kuboresha uhifadhi wa joto kulikuwa miongoni mwa makusudio yake. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulipanda kupitia ganda hilo, ambalo paneli zake za alumini zilikuwa na kiini cha plastiki, na watu 72 walipoteza maisha. Kihami-joto chenyewe si adui. Kuna vihami visivyoungua, pamba ya madini ikiwa mmojawapo. Lakini kazi inayofunika jengo zima kwa tabaka jipya hulifunika pia kwa sifa zote za tabaka hilo, na uamuzi wa aina ya paneli hufanyika mbali kabisa na wale watakaolala nyuma yake.

5.0 Nyumba za safu za Uholanzi

Uholanzi ilikuwa na sababu yake ya pekee ya kuharakisha. Uwanja wa gesi wa Groningen uligunduliwa mwaka 1959, na katika miaka iliyofuata karibu kila nyumba nchini iliunganishwa na bomba. Uchimbaji huo ulileta mitetemeko ya ardhi. Ule wa Huizinge wa Agosti 2012, wenye ukubwa wa 3.6, ulibadili mjadala wa kitaifa. Kuanzia Julai 2018 nyumba mpya kwa kawaida haziunganishwi tena na gesi, na uzalishaji wa Groningen ulisimamishwa tarehe 1 Oktoba 2023. Swali la nyumba za zamani likawa pia swali la kuiacha gesi.

Nchi hiyo ina vyama vya nyumba vinavyomiliki zaidi ya nyumba milioni 2 za kupangisha, nyingi zikiwa za safu, zilizojengwa kwa mfululizo kati ya miaka ya 1950 na 1970. Nyumba moja hufanana na inayofuata kwa upana, kimo na nafasi ya madirisha. Mpango wa Energiesprong uliozaliwa katika mazingira hayo ulijengwa juu ya ufanano huo: badala ya mafundi kuja na kupima, kukata na kupachika kila kitu palepale, nyumba hupimwa kwa vifaa vya leza, kisha uso mzima wa nyumba, pamoja na madirisha yake ya vioo vya tabaka tatu, hutengenezwa kiwandani na kupachikwa mbele ya ukuta wa zamani. Paa jipya huja likiwa na paneli za sola. Pampu ya joto, tangi la maji ya moto na mashine ya kubadilisha hewa hukusanywa katika sanduku moja linalowekwa nje, aghalabu nyuma ya nyumba, ili fundi aweze kuvifikia bila kumsumbua mkaaji. Kazi ya palepale hupimwa kwa siku badala ya miezi, na familia haihami.

Lengo la mpango huo lilikuwa kali kuliko lile la agizo la Ulaya. Nyumba ilitakiwa kuwa ya "nul op de meter", yaani sifuri kwenye mita: umeme unaozalishwa na paa kwa mwaka ulingane na umeme wote unaotumika, vyombo vya nyumbani vikiwemo kwa kiwango cha matumizi ya kawaida. Mwaka 2013 vyama vya nyumba na wakandarasi walitia saini makubaliano yaliyolenga nyumba 111,000. Matarajio yalikuwa kwamba wingi ungeshusha bei kama ilivyotokea kwa bidhaa za viwandani. Bei ilishuka kweli, kutoka zaidi ya yuro 100,000 kwa nyumba katika majaribio ya mwanzo hadi karibu nusu yake. Lakini idadi ya nyumba zilizokamilika ilibaki mbali sana na lengo. Ufanano wa nyumba uliotegemewa haukuwa kamili: miaka 50 ya kuishi ilikuwa imeongeza vibaraza, vibanda na milango isiyokuwemo katika michoro ya awali.

6.0 Nani analipa, nani anaokoa

Katika nyumba ya kupanga, mwenye nyumba hulipia ukarabati na mpangaji ndiye anayeokoa bili. Bila utaratibu wa kuunganisha pande hizo mbili, mwenye nyumba hana sababu ya kuanza. Nchi mbili jirani zimelijibu swali hili kwa njia tofauti.

Nchini Ujerumani, kifungu cha 559 cha Kanuni ya Madai kinamruhusu mwenye nyumba kuongeza kwenye kodi ya pango ya mwaka asilimia 8 ya gharama za uboreshaji. Hadi mwisho wa 2018 ilikuwa asilimia 11. Kuna kikomo: ongezeko lisizidi yuro 3 kwa mita ya mraba kwa mwezi ndani ya miaka sita, au yuro 2 pale kodi ilipokuwa chini ya yuro 7. Msingi wa ongezeko ni gharama iliyotumika. Kama nyumba haikuokoa nishati kama ilivyokadiriwa, kodi haishuki.

Uholanzi ilichukua njia nyingine mwaka 2016 kwa kuweka kisheria ada ya ufanisi wa nishati. Mpangaji wa nyumba iliyofikia kiwango hulipa ada hiyo kwa mwenye nyumba mahali pa sehemu kubwa ya bili aliyokuwa akilipa kwa kampuni ya nishati. Ada hutegemea kile ambacho nyumba imethibitishwa kuweza, si gharama za kuijenga. Na mwenye nyumba hutakiwa kumpa mpangaji kila mwaka taarifa ya vipimo. Ada hiyo ilipoanzishwa, kiwango chake cha juu kilikuwa yuro 1.40 kwa mita ya mraba kwa mwezi, kwa nyumba ambayo mahitaji yake ya kupasha joto hayazidi kilowati-saa 30 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Nyumba ya mita za mraba 100 ingelipiwa basi yuro 140 kwa mwezi. Kwa haki, mfumo wa Kiholanzi unauweka mzigo wa kushindwa kwa teknolojia mahali panapostahili zaidi, yaani kwa aliyeichagua.

Hata hivyo, hapa ndipo tofauti kati ya makadirio na maisha halisi inapoingia. Minna Sunikka-Blank na Ray Galvin, katika utafiti wao wa mwaka 2012 uliotumia takwimu za nyumba 3,400 za Ujerumani, walibaini kwamba kaya zilikuwa zikitumia kwa wastani asilimia 30 pungufu ya kile ambacho hesabu za kitaalamu zilitabiri, na pengo lilikuwa kubwa zaidi katika nyumba zilizo mbovu zaidi. Sababu haifichiki: anayejua kwamba joto linatoka dirishani hupasha chumba kimoja, huvaa sweta na kuzima mapema. Tuseme hesabu inatabiri kilowati-saa 200 kwa mita ya mraba kabla ya ukarabati na 50 baada yake. Akiba ya karatasi ni 150. Kaya iliyokuwa kwa hakika ikitumia 140 itaokoa 90 tu. Na ikiwa sasa inapasha vyumba vyote kwa kuwa inawezekana, ikatumia 60, akiba halisi ni 80. Kilowati-saa 10 zilizoongezeka si ubadhirifu. Ni chumba cha watoto ambacho kwa mara ya kwanza kina joto mwezi wa pili.

Tatizo ni kwamba ada iliyopangwa kwa kutazama bili ya kaya ya wastani humkuta mpangaji aliyekuwa akijibana. Bili yake ya zamani ilikuwa chini ya ada mpya. Nyumba imeboreka, afya yake huenda ikaboreka, lakini mwisho wa mwezi anatoa fedha nyingi zaidi. Sheria ya Uholanzi inamtambua mpangaji huyu kwa kiasi fulani: katika kundi la nyumba 10 au zaidi, pendekezo la ukarabati huchukuliwa kuwa la haki pale tu asilimia 70 ya wapangaji wanapolikubali, na asiyekubali ana wiki nane za kwenda mahakamani tangu alipoarifiwa kuhusu matokeo hayo. Asilimia 30 waliobaki hubebwa na kura ya wenzao. Kitakwimu, wanaojibana zaidi ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kuwa miongoni mwao.

7.0 Sifuri baada ya 2027

Sifuri ya kwenye mita ilitegemea jambo moja ambalo halikuwa la fizikia wala la ujenzi. Kwa mujibu wa utaratibu wa kusawazisha mita nchini Uholanzi, kilowati-saa iliyotolewa kwenye gridi mwezi wa Julai iliifuta kilowati-saa iliyochukuliwa mwezi wa Januari, thamani kwa thamani, kodi ikiwemo. Gridi ilifanya kazi ya ghala lisilotoza ushuru. Lakini katika latitudo hiyo paneli za sola huzalisha mwezi wa Desemba chini ya moja ya tano ya kile zinachozalisha Juni, na pampu ya joto hutumia sehemu kubwa ya umeme wake katika miezi hiyohiyo ya giza. Bunge la Uholanzi lilipitisha mwishoni mwa 2024 sheria ya kuufuta utaratibu huo kuanzia tarehe 1 Januari 2027.

Athari yake yaweza kuoneshwa kwa mfano. Nyumba inatumia kilowati-saa 6,000 kwa mwaka: 2,000 za kupasha joto kupitia pampu, 1,000 za maji ya moto, 500 za mashine ya hewa na 2,500 za vyombo. Paa linazalisha 6,000. Asilimia 30 ya uzalishaji, yaani 1,800, hutumika palepale unapotoka juani; 4,200 huuzwa kwenye gridi na 4,200 nyingine hununuliwa wakati mwingine. Chini ya utaratibu wa zamani, umeme haumgharimu mkaaji kitu ila ada za kuunganishwa. Bei ya kununua ikichukuliwa kuwa yuro 0.25 na ya kuuza yuro 0.06, nyumba ileile, yenye paa lilelile na tabia zilezile, itadaiwa karibu yuro 800 kwa mwaka. Kwa mpangaji anayelipa ada ya yuro 140 kwa mwezi kwa sababu aliahidiwa kwamba hatalipa bili, hiyo ni karibu nusu ya ada yake ya mwaka mzima.

Jibu linalopendekezwa haraka ni betri. Betri ya nyumbani huweza kuuhamisha umeme wa mchana hadi jioni, na kuanzia Machi hadi Oktoba ingepunguza sana kiasi kinachonunuliwa. Haiwezi kuuhamisha umeme wa Julai hadi Januari; betri yenye ukubwa huo ingegharimu kuliko ukarabati wote. Tangi kubwa la maji ya moto husaidia kwa siku moja au mbili. Katika orodha nzima ya vifaa, kinachofanya kazi usiku wa Januari bila kununua chochote ni ganda, na hapo zile kilowati-saa 22 za sentimita 15 za mwisho, zilizoonekana hafifu katika hesabu ya mwaka, hupata thamani nyingine, kwa kuwa zote zinaokolewa katika miezi ambayo umeme ni ghali na paa ni kimya. Wabunifu waliopunguza unene wa kihami-joto na kufidia kwa paneli zaidi za sola, kwa kuwa kwa bei za miaka ya 2010 paneli zilikuwa rahisi kuliko sentimita, walifikia sifuri ileile ya mwaka. Sifuri yao ya Januari iko mbali zaidi.

Kwa mtafiti, jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja katika upimaji. Taarifa ambayo mwenye nyumba humpa mpangaji ina jumla za mwaka, na majalada mengi ya tathmini za ukarabati yamejengwa juu ya jumla hizo. Kutokana nazo haiwezekani kutenganisha nyumba iliyofikia sifuri kwa kuhitaji kidogo na ile iliyofikia kwa kuzalisha kingi. Vipimo vya saa kwa saa tayari vipo, kwa kuwa mita za kisasa huvirekodi. Swali lililo wazi katika mikataba iliyotiwa saini kabla ya sheria ya 2024 ni iwapo dhamana ya "sifuri" iliahidi kilowati-saa au iliahidi yuro. Mikataba iliyoahidi kilowati-saa itakuwa imetimizwa kikamilifu mwezi wa Februari 2027, wakati bili ya kwanza ya majira ya baridi itakapomfikia mpangaji.